Sura ya 5: Simu Nzima, Kalafati Imekwisha

"Mwanangu, simu hii haijaanguka hata siku moja. Kioo hakina ufa, chaji inanifikisha usiku. Mbona benki inaniambia nitafute nyingine?"

Shangazi yangu aliniuliza hivyo kibarazani kwake Pangani, huku akifungua fundo la leso alimoihifadhi ile simu. Alikuwa na haki ya kuudhika. Aliinunua ndani ya boksi, kwa pesa ya nazi za misimu miwili, akaitunza kama anavyozitunza sahani zake za arusi. Sasa benki ilikuwa imemtumia ujumbe kwamba mwezi ukiisha, programu yake haitafunguka tena kwenye "toleo la zamani".

Swali lake nimeulizwa na watu wengi: mwalimu, dereva wa bodaboda, mama ntilie anayepokea malipo kwa simu, kijana aliyeko Muscat ambaye kila akinunua simu mpya humtumia mama yake ile ya zamani. Simu ni nzima, nani kasema imezeeka? Na nikiendelea kuitumia hivyo hivyo, nitapoteza nini?

Jibu fupi ni hili. Kila simujanja ina umri wa aina mbili. Kuna umri wa mwili, yaani kioo, betri na kamera, nao huo unauona kwa macho. Na kuna umri wa matunzo, yaani muda ambao mtengenezaji ameahidi kuendelea kuziba matundu yanayogunduliwa ndani yake. Umri huu wa pili hauonekani, mara nyingi huisha mapema kuliko ule wa kwanza, na ukiisha, kinachobaki wazi ni mambo yako: pesa, picha, mazungumzo na majina ya watu wako.

## Mbao na kalafati

Babu yangu, baba yake shangazi, alikuwa fundi wa majahazi. Chombo cha mbao hujengwa kwa mbao zilizopangwa ubavu kwa ubavu, na kati ya ubao na ubao hubaki mwanya. Mwanya huo huzibwa kwa pamba iliyochovywa mafuta, ikapigwa kwa nyundo na patasi mpaka ikajaa. Pamba hiyo ndiyo kalafati. Kila baada ya muda chombo hupandishwa pwani, kalafati iliyolegea ikatolewa na mpya ikatiwa. Mbao zinaweza kuwa imara kama siku ya kwanza, lakini pasipo mtu wa kupiga kalafati, maji yataingia tu.

Simu nayo ina mbao zake: kioo, betri, kamera na chipu, ambayo ni ubongo mdogo unaofanya hesabu zote. Juu ya hivyo kuna mfumo endeshi. Huo ni programu kuu inayoiamsha simu, inayozipa nafasi programu nyingine zote, na inayoamua nani aguse kamera, nani asome meseji, nani ajue ulipo. Mifumo endeshi miwili ndiyo imeenea duniani: Android ya Google, inayotumiwa na watengenezaji wengi wa simu, na iOS ya Apple, inayotumika kwenye iPhone peke yake.

Mfumo endeshi umeandikwa na binadamu, kwa mistari mingi mno ya maagizo, na makosa hayakosekani. Kosa linalompa mtu wa nje njia ya kuingia tunaliita tundu la usalama. Marekebisho ya kuliziba tunayaita kiraka. Kifurushi kinacholeta viraka au mambo mapya kwenye simu yako ndicho sasisho.

Masasisho hayafanani, na watu wengi huyachanganya. Kuna ya aina tatu:

- Toleo jipya la mfumo, kwa mfano kutoka Android 13 kwenda 14. Ni kubwa, hubadilisha sura na tabia ya simu, na kwa kawaida hutoka mara moja kwa mwaka.
- Sasisho la usalama. Hili huleta viraka. Mara nyingi halibadilishi chochote unachokiona, ndiyo maana wengi hulipuuza. Hili ndilo kalafati yenyewe.
- Sasisho la programu moja moja, kama WhatsApp au programu ya benki, kupitia duka la programu. Hili huendelea kuja hata baada ya mtengenezaji wa simu kukuacha, kisha nalo siku moja hukoma.

Hilo la tatu ndilo linalowadanganya watu. Unaona programu zinasasishwa kila wiki, unadhani simu yako inatunzwa. Kumbe sakafu inadekiwa huku mwanya wa chini ya chombo uko wazi.

## Maji huingiaje?

Julai 2015 lilitangazwa tundu lililoitwa Stagefright. Lilikuwa kwenye sehemu ya Android inayochezesha video. Mtu aliyeijua namba yako aliweza kukutumia meseji yenye video iliyotengenezwa kwa hila, na kwenye simu nyingi hukuhitaji hata kuifungua. Simu yenyewe, katika kukuandalia video hiyo, ilikuwa tayari imemfungulia mlango. Ilikadiriwa kwamba takriban simu milioni 950 zilikuwa na tundu hilo.

Tukio hilo lilibadilisha mambo. Kuanzia Agosti 2015 Google ilianza kutoa viraka vya Android kila mwezi, na kuchapisha orodha ya matundu yaliyozibwa. Leo ukifungua mipangilio ya simu yako utakuta tarehe ya sasisho la usalama. Utaratibu ule wa 2015 ndio ulioileta.

Mwaka uliofuata, ghuba ya Uarabuni ilitoa funzo jingine. Agosti 2016, mtetezi wa haki za binadamu wa Falme za Kiarabu, Ahmed Mansoor, alipokea kwenye iPhone yake meseji zenye kiungo, zikimwahidi siri kuhusu wafungwa wanaoteswa. Hakubonyeza. Alizipeleka kwa watafiti wa Citizen Lab, katika Chuo Kikuu cha Toronto nchini Kanada. Wakishirikiana na kampuni ya usalama ya Lookout, waligundua kwamba kiungo kile kingetumia matundu matatu yasiyojulikana na Apple, na kingeigeuza simu kuwa jasusi mfukoni: maikrofoni, kamera, mazungumzo, vyote. Programu ile ya ujasusi iliitwa Pegasus.

Apple ilitoa kiraka tarehe 25 Agosti, wiki mbili tu baada ya meseji ile kuingia. Zingatia jambo moja hapa. Kiraka hicho kilikwenda kwa iPhone 4s pia, simu iliyotoka mwaka 2011, siku ile ile kilipokwenda kwa simu mpya kabisa. Mwenye simu ya miaka mitano, popote alipokuwa, alizibiwa tundu sawa na tajiri. Hayo ndiyo matunzo ya muda mrefu ninayoyasema.

Sasa, mfano wangu wa jahazi una mahali unapofika mwisho, na mahali hapo pana hatari kubwa. Maji hayasomi daftari la fundi. Wezi wanalisoma. Kiraka kinapotangazwa, mhalifu hulinganisha mfumo wa kabla na wa baada, akajua tundu lilikuwa wapi. Kwa simu iliyopokea kiraka, habari hiyo haina madhara tena. Kwa simu isiyopokea, tangazo lile limekuwa ramani ya nyumba mkononi mwa mwizi. Ndiyo maana simu isiyosasishwa haibaki na usalama ule ule iliokuwa nao mwaka jana. Kila mwezi unaopita huiongezea matundu yanayojulikana.

Kwa ufupi

- Mfumo endeshi hauishiwi makosa. Ulinzi wake ni kuzibwa mara kwa mara.
- Sasisho la usalama ni muhimu kuliko sura mpya ya simu.
- Simu iliyoachwa huzidi kuwa dhaifu hata ikikaa tu kabatini.

## Kwa nini matunzo hukoma?

Watu wengi huamini ni njama ya kutulazimisha kununua simu mpya. Faida ya biashara ipo, siwezi kuikana, lakini kisa kina mikono mingi zaidi ya mmoja.

Kwa iPhone, Apple hutengeneza simu, hubuni chipu na huandika mfumo. Kiraka kikiwa tayari, hakuna mtu wa kati. Kwa simu nyingi za Android, kiraka husafiri kama mzigo wa kuunganisha magari. Google hukiandika. Mtengenezaji wa chipu, kama Qualcomm au MediaTek, hukiongezea sehemu zinazohusu chipu yake. Mtengenezaji wa simu hukioanisha na mabadiliko yake, akakijaribu kwa kila aina ya simu aliyonayo sokoni. Katika baadhi ya nchi, kampuni ya mtandao nayo hutaka kukikagua. Akikwama mmoja, wote nyuma yake wamekwama.

Kituo kigumu kuliko vyote ni cha chipu. Kampuni ya chipu huandika programu ndogo zinazouwezesha mfumo kuzungumza na kamera, redio na sehemu nyingine. Siku inapoamua kwamba chipu fulani imepitwa na wakati, huacha kuziandika kwa matoleo mapya, na hapo mtengenezaji wa simu hubaki na mbao bila fundi.

Hakuna kisa kinachoonyesha jambo hili vizuri kama cha Fairphone, kampuni ndogo ya Amsterdam iliyoanzishwa kwa nia ya kutengeneza simu zinazodumu. Simu yake ya pili, Fairphone 2, ilitoka mwishoni mwa 2015 ikiwa na Android 5. Ilitengenezwa ifunguliwe na mwenyewe nyumbani: kioo kinatoka kwa mikono mitupu, betri inabadilishwa kama ya tochi. Mwili ulikuwa tayari kwa miaka mingi. Lakini Qualcomm, iliyotengeneza chipu yake, haikuendelea kuihudumia zaidi ya Android 6.

Wengine wangeishia hapo. Fairphone waliamua kuifanya kazi ya chipu wenyewe, wakijifunza pia kutoka kwa watu wa LineageOS, jamii ya wanaojitolea kuandika toleo huru la Android kwa simu zilizoachwa. Walifika Android 7 mwaka 2018, kisha Android 9, mwisho Android 10. Matunzo ya simu ile yalikoma Machi 2023, zaidi ya miaka saba tangu itoke. Kampuni ndogo, yenye mafundi wachache, ilifanya jambo ambalo wengi wangedhani haliwezekani.

Na funzo walilitumia. Kwa Fairphone 5 ya mwaka 2023 hawakuchukua chipu ya kawaida ya simu. Walichagua chipu ya Qualcomm iliyokusudiwa mitambo ya viwandani, kwa sababu chipu za viwandani huja na ahadi ya kuhudumiwa muda mrefu. Hivyo waliweza kuahidi miaka minane ya masasisho ya usalama. Kumbe muda wa matunzo huamuliwa siku simu inapobuniwa, kabla hujaiona dukani.

Google nayo ilijaribu kufupisha safari ya kiraka. Mwaka 2017, kwenye Android 8, iliitenga sehemu ya mfumo inayohusu chipu na sehemu iliyobaki, ili moja ibadilishwe bila kuivuruga nyingine. Mwaka 2019, kwenye Android 10, ilianza kupeleka baadhi ya viraka moja kwa moja kupitia Google Play, bila kupita kwa mtengenezaji wa simu. Hatua hizi zimesaidia, lakini hazizibi kila kitu. Sehemu za ndani kabisa bado zinamsubiri mtengenezaji.

## Faragha huja na toleo

Mpaka hapa tumezungumza habari ya wezi. Sasa tuzungumze habari ya wageni uliowakaribisha mwenyewe.

Faragha maana yake ni uwezo wako wa kuamua nani ajue nini kukuhusu. Kwenye simu, uwezo huo unaitwa ruhusa. Programu ikitaka kusoma orodha ya namba zako, kutumia kamera au kujua ulipo, mfumo endeshi ndiye bawabu anayesema ndiyo au hapana. Na bawabu wa zamani hakujua kukataa.

Kabla ya Android 6, iliyotoka 2015, programu ilikuonyesha orodha ya ruhusa zote siku ya kuipakua. Ulikubali zote au uliikosa programu. Hapo ndipo programu za tochi zilipostawi. Mwaka 2013, Tume ya Biashara ya Marekani ilimchukulia hatua mtengenezaji wa programu ya tochi iliyopakuliwa mara makumi ya milioni, kwa kuwa ilikuwa ikipeleka mahali walipo watumiaji kwa mitandao ya matangazo. Watu walitaka mwanga tu.

Tazama bawabu alivyofunzwa kidogo kidogo:

- Android 6 (2015): programu inaomba ruhusa moja moja, wakati inapoihitaji.
- Android 10 (2019): unaweza kuiruhusu programu ijue ulipo wakati unapoitumia tu.
- Android 11 (2020): unaweza kutoa ruhusa ya mara moja, ikaisha ukiifunga programu.
- iOS 14 (2020) na Android 12 (2021): alama ndogo huwaka juu ya kioo kamera au maikrofoni inapotumika.
- iOS 14.5 (2021): programu lazima ikuombe kabla ya kukufuatilia kwenye programu na tovuti za watu wengine.
- Android 14 (2023): unaweza kuipa programu picha chache ulizozichagua, badala ya kabati zima.

Soma tena orodha hiyo ukiwa na simu yako mkononi. Kila mstari ni haki uliyonayo au usiyonayo, kutegemea toleo lako. Wawili wanaweza kupakua programu ile ile siku moja. Mmoja akaiona alama ya maikrofoni ikiwaka, mwingine asione kitu. Hili ndilo neno langu kuu katika sura hii: kwenye simu, faragha haitolewi mara moja ukamaliza. Huletwa kwa masasisho, na masasisho yakikoma, haki zako hugandia pale yalipoishia.

Afrika Mashariki tumeonja uchungu wake kwa programu za mikopo ya haraka. Mtu hukopa kidogo, programu ikachota namba zote za kwenye simu, na siku akichelewa kulipa, mkwe, bosi na mchungaji hupigiwa simu za aibu. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya ilizitoza faini kampuni za mikopo zilizowasumbua watu kwa namba walizozipata bila ridhaa. Mwaka huo huo Google ilizikataza programu za mikopo zilizoko kwenye duka lake kuomba namba na picha za wakopaji. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sheria ni ngao, lakini hufika baada ya aibu kutokea. Bawabu aliyefunzwa vizuri huzuia kabla.

Lazima niseme na upande wa pili. Masasisho ya miaka mingi hukulinda na mwizi. Hayakulindi na tamaa ya mwenye mfumo. Kampuni inaweza kukupa viraka kila mwezi na bado ikakusanya habari zako kwa ajili ya matangazo. Kwa sababu hiyo wapo walioandika matoleo ya Android yaliyopunguzwa macho, kama /e/OS iliyoanzishwa na Gaël Duval wa Ufaransa, au GrapheneOS, ambayo inakazia usalama na imejengwa kwa ajili ya simu za Pixel za Google. Kwa mtu mwenye ujuzi ni njia nzuri. Kwa shangazi yangu, hatua ya kwanza ni kuwa na mfumo unaosasishwa, na ruhusa zilizopunguzwa.

Kwa ufupi

- Ruhusa ndizo mlango wa faragha, na mfumo endeshi ndiye bawabu.
- Toleo la zamani lina bawabu asiyejua kukataa.
- Viraka na faragha ni vitu viwili, unavihitaji vyote.

## Ahadi zinarefuka, lakini hesabu tarehe

Habari njema zipo. Oktoba 2023 Google iliahidi miaka saba ya masasisho kwa simu yake ya Pixel 8. Januari 2024 Samsung ikaahidi miaka saba kwa Galaxy S24. Apple imekuwa na sifa hiyo siku nyingi: iPhone 5s ya mwaka 2013 ilipata kiraka Januari 2023.

Serikali pia zimeamka. Tangu tarehe 29 Aprili 2024, mtengenezaji anayeuza simu Uingereza lazima atangaze muda wa chini atakaotoa masasisho ya usalama. Tangu tarehe 20 Juni 2025, Umoja wa Ulaya unataka masasisho yaendelee kwa angalau miaka mitano tangu modeli hiyo ilipoacha kuingizwa sokoni.

Zingatia neno "ilipoacha". Ndilo linalotenganisha haki na mtego. Ahadi nyingi za kampuni huhesabiwa tangu simu ilipozinduliwa, si tangu ulipoinunua. Tuseme simu ilizinduliwa 2021 kwa ahadi ya miaka minne. Mwaka 2024 unaikuta Kariakoo ndani ya boksi, karatasi haijachanika. Kwako ni mpya. Kwa mtengenezaji imebakiza mwaka mmoja. Anayeinunua kwa lipa mdogo mdogo anaweza kumaliza deni wakati matunzo nayo yanamalizika.

Ndivyo ilivyompata shangazi. Tulipofungua mipangilio pale kibarazani, tarehe ya sasisho la mwisho la usalama ilikuwa ya miaka mitatu nyuma, na yeye alikuwa na simu ile kwa miaka miwili. Siku alipotoa pesa yake ya nazi, mafundi walikuwa wamekwisha kuondoka pwani mwaka mzima.

Kwa hiyo bei ya simu igawe kwa miaka ya matunzo iliyobaki. Simu ya shilingi 300,000 iliyobakiza miaka miwili inakugharimu 150,000 kwa mwaka. Ya shilingi 600,000 iliyobakiza miaka sita inakugharimu 100,000. Inayoonekana rahisi ndiyo ghali. Najua si kila mtu ana laki sita mkononi, na sisemi ukakope. Nasema usilipie miaka ambayo haipo.

## Ufanye nini leo?

Angalia tarehe yako. Kwenye Android fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu, utazame toleo la Android na tarehe ya sasisho la usalama. Kwenye iPhone fungua mipangilio ya jumla, kisha sehemu ya sasisho la programu. Ikiwa tarehe imepitwa na miezi mingi na simu inasema hakuna sasisho jipya, huenda umeachwa.

Usiogope bando. Wengi huzima masasisho ili kuokoa data. Toleo jipya ni zito kweli, lisubirie Wi-Fi ya kazini au ya ndugu. Sasisho la usalama kwa kawaida ni jepesi zaidi, nalo ndilo la kwanza kulilipia.

Punguza ruhusa. Pitia programu moja moja. Kikokotoo hakina haja ya namba zako, wala mchezo wa watoto hauna haja ya maikrofoni. Ambayo huitumii, ifute.

Kabla ya kununua, uliza maswali matatu:

1. Modeli hii ilizinduliwa mwaka gani?
2. Masasisho ya usalama yataishia mwaka gani?
3. Ahadi hiyo imeandikwa wapi na mtengenezaji mwenyewe?

Maswali haya ni muhimu mara mbili kwa simu ya mtumba kutoka Dubai au Ulaya. Inaweza kuwa na mwili mzuri kuliko simu mpya ya bei hiyo, na matunzo marefu zaidi. Au ikawa imebakiza mwezi.

Kama simu imeachwa na huna ya kubadilisha, iondolee mzigo wa siri:

- Hamishia laini ya pesa kwenye kitochi, kile kisimu kidogo cha vitufe. Menyu ya pesa ya kupiga nyota haihitaji simujanja.
- Ondoa programu ya benki, barua pepe kuu na picha za vitambulisho.
- Pakua programu kwenye duka rasmi tu, usipokee faili za kusakinisha zinazotumwa kwenye magrupu.
- Tumia kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, ambacho bado kinasasishwa kwenye toleo lako.
- Tarajia milango kufungwa. WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Android 4.4 mwanzoni mwa 2025, na Mei mwaka huo kwenye iPhone zisizofika iOS 15.1.

Simu kama hiyo si takataka. Inafaa kwa redio, Kurani au Biblia ya kusikiliza, saa ya kengele, picha za harusi. Iache ifanye kazi za bandarini. Usiipeleke bahari kuu na mizigo yako yote.

## Mwaka kwenye risiti

Siku ile shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno ambalo sijalisahau: "Baba alikuwa hampi mtu chombo bila kumwambia lini akirudishe pwani."

Mwezi uliofuata tulikwenda Tanga mjini kutafuta simu. Kijana wa dukani alimsalimu kwa adabu, akamwonyesha moja na kumsifia kamera na ukubwa wa nafasi ya kuhifadhia picha. Shangazi akamwacha amalize.

"Ahsante, mwanangu. Sasa niambie, kampuni itaacha lini kuizibia matundu?"

Kijana alisita. Alisema simu ni mpya kabisa, mama asiwe na wasiwasi. Shangazi akarudia swali lile lile kwa upole ule ule. Basi kijana akatoa simu yake, akaifungua tovuti ya mtengenezaji, akasoma kimya kwa muda. Akairudisha kabatini ile aliyokuwa ameshika, akatoa nyingine, ya bei inayokaribiana nayo, iliyobakiza miaka minne.

Shangazi alilipa, kisha akamwomba auandike mwaka huo chini ya risiti na kupiga muhuri. Risiti hiyo sasa imekunjwa ndani ya leso, pamoja na simu.